Mto wa Pamba

Niliushona mimi.
Mwezi wa nne, pamba robo kilo.
Mwezi wa sita nikafumua, nikaongeza.
Wa nane nikatia mchele chini,
ili dada yangu Zuweina akiinuka kwenye kochi
ashike kiuno kweli.

Majirani wa Mabela walikuja na halua.
Mashallah, kwa umri huu!
Akatabasamu, akavuta abaya.

Juu, chumba cha mwisho, eisii inanguruma,
Shekha, miaka kumi na sita,
anamumunya ndimu kavu
na kufanya hesabu za darasa la kumi na moja
zisizo na wa kuzisahihisha.
Skuli tuliwaambia yuko Unguja, anamuuguza bibi.

Kijana simtaji. Si kwa adabu:
mama yake mteja wangu.
Mwezi ule ule alipata leseni ya gari,
wakachinja mbuzi,
na sisi tukaletewa sinia.
Tulikula.

Mkunga alitoka Ibra, usiku,
akalipwa asiulize.
Cheti kikaandikwa: mama, Zuweina.
Najua dini inasema nini juu ya nasaba.
Nilijua hata siku ile.

Siku ya tatu maziwa yakaja.
Hilo hatukulipanga.
Nilimfunga kifua kwa leso mbili,
nikakaza kama nikazavyo kiuno cha bi harusi.
Hakulia. Aliniuliza tu:
Mama mdogo, yatakwenda wapi?

Tulisema stara.
Neno zuri, stara, lina mteremko wa hariri.
Nimelipima kwa futi yangu, mbele, nyuma, begani,
na mpaka leo sijui
lilikatiwa mwili wa nani.
La Shekha halikuwa: lilimbana.
La mtoto? Bado anakua.

Muzna ana miaka minne sasa.
Shekha humwita dada, kama alivyofundishwa,
na dada humfunga viatu,
humchambulia miba ya samaki,
hujua kabla ya thamometa kuwa ana homa.

Ijumaa iliyopita tuko mezani,
mtoto kamwaga laban, kaogopa,
kaita: Mama!

Vichwa viwili viligeuka.
Kimoja kikarudi upesi kwenye sahani.

Nami niliyeona
nilijitia kutafuta sindano
kwenye ukosi wa kanzu yangu,
ambako haikuwapo.