Mstari wa Nukta

Siku ya nne katika milima ya Racha, Georgia.
Mvua imelainisha daftari,
penseli inakwaruza tu, haiandiki.
Nimepiga mstari mnene, mweusi,
kutoka genge la chokaa hadi ng'ambo ya korongo.
Mwalimu Nugzari haangalii mlima, anaangalia kidole changu:
"Mpaka huu umeuona, Tsisana,
au umeutamani?"

Nimeutamani.

Nafuta. Karatasi inachubuka.
Nateremka kwenye nyasi zilizolowa,
nyundo ikinigonga paja,
dira shingoni, kichupa cha asidi mfukoni.
Tone moja: jiwe latoa povu. Chokaa.
Hatua arobaini chini, tone jingine:
kimya. Tope la kale lililogeuka jiwe.
Kati yake majani, na miiba.

Ndipo nawaona ng'ombe wa Lamara,
watano, wametengana,
lakini wote usawa mmoja wa mteremko,
kila mmoja kainamia chemchemi yake.
Maji hupenya chokaa,
yakigota kwenye tope gumu hukosa njia,
hutoka.

Nachora nukta, nukta, nukta,
kutoka pua hadi pua.

Jioni Nugzari anadai ushahidi.
"Umekwenda kukamuliwa," namjibu.