Saa Sita na Dakika Saba

Nasambu, kabla hujachukua funguo za zamu, soma hii.
Si mwongozo. Mwongozo uko kabatini, kurasa mia nne,
na hakuna hata mmoja uliowahi kuamka nami usiku.

Ilikuwa hapa Muhoroni, msimu wa kukata.
Trekta thelathini na moja, foleni hadi njia ya reli,
na mizani ya kiwanda imegoma.
Muwa uliokatwa hukauka ukingoja;
kila saa mkulima hupoteza kilo
asizoziona zikidondoka.

Obura wa mizani akapiga simu: "Imezima!"
Nini kimezima? Taa? Skrini? Printa?
Maana "imezima" ni gunia,
hubeba chochote utakachotia.
"Inasoma uzito," akasema, "ila haihifadhi."
Nikapata nusu ya jibu kabla ya kuvaa viatu.
Uliza hivyo. Uliza mpaka gunia liwe kibaba.

Sitienei, meneja wa zamu, alitaka tuzime tuwashe.
Sikatai, kuzima na kuwasha kumeniokoa mara nyingi.
Lakini ukianza nako
umezika maiti kabla ya kuuliza aliugua nini.
Soma kwanza. Nakili ulichosoma. Kisha zima.

"Ilianza lini?"
"Saa sita na dakika saba."
Kijana wa mafunzo akafungua kumbukumbu za seva,
akashuka hadi sita na dakika saba:
kimya, kama kanisa siku ya Jumatatu.
Angekesha pale.
Saa sita yetu ya usiku, kompyuta huiita sifuri,
na seva hii, aliyeifunga hakuigusa saa yake,
inaishi saa tatu nyuma yetu,
kwenye baridi ya watu wengine.
Tafuta ishirini na moja na saba, nikamwambia.
Naam. Mstari juu ya mstari:
diski imejaa, diski imejaa, diski imejaa.
Saa moja, majina matatu.
Patana na mashine kuhusu saa,
ndipo mbishane mengine.

Nikauliza: nani amegusa nini?
Hakuna.
Siku zote ni hakuna.
Lakini diski haijai kwa uchawi.
Nikapima folda, kubwa kisha ndogo,
nikakuta faili moja limenenepa kama kupe.
Limezaliwa Jumanne, wiki mbili nyuma.
Nani aliamuru liandike kila kitu,
hata pumzi ya mashine?
Jina langu.
Nilikuwa nikiwinda hitilafu ndogo ya printa,
nikafungua bomba la maneno,
nikaenda matangani Koru, nikasahau kulifunga.

Nilikaa kidogo, mikono mapajani.
Kisha nikasema, "Ni mimi."
Sitienei akaguna. "Haya, rekebisha."
Basi. Neno nililoliogopa lilichukua sekunde moja.

Faili ambalo programu imelishika, usilifute.
Jina litatoweka, nafasi haitarudi;
ni mgeni aliyeaga
na bado yuko mlangoni anaongea.
Limwage liwe tupu. Halafu funga bomba.
Halafu, nakusihi, andika mahali kwamba umelifunga.

Saa kumi kasorobo printa ikakohoa risiti ya kwanza.
Mama Turfosa wa Tamu akaisoma chini ya taa ya trekta,
akaipindua, akaisoma tena nyuma, palipo patupu.
"Na zile kilo zilizokauka," akaniuliza,
"ziko kwenye faili gani?"

Nimetafuta, Nasambu.

Funguo ya akiba iko kwa Obura.
Kebo ya bluu inayoning'inia nyuma ya kabati, usiichomoe.
Sijui ni ya nini.
Bado nauliza.