Sahani Iliyofunikwa

Tukuyu, saa tano usiku, mvua haijaomba ruhusa.
Umeme umerudi. Nawasha kompyuta,
herufi N iling'oka zamani, nabonyeza kidonda chake,
na mashine ambayo haipo inaanza kazi.

Haipo kweli. Ipo kwenye karatasi za mizani ya chai
anazorudi nazo mama kutoka kituoni:
mbele, kilo kumi na nne, mkulima namba 217;
nyuma, miduara yangu na mishale,
vichakataji sitini na vinne visivyo na nyapara.

Nilimweleza mama. Kompyuta tulizozizoea
zina karani mmoja aliyeshika orodha.
Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu;
wa tisa hata ukiwa tayari tangu alfajiri
utangoja kuitwa jina.
Yangu haina karani. Kila amri hulala
mpaka mahitaji yake yote yafike.
Yakifika inaamka, inapika, inapeleka mbele,
inalala tena.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.
"Kama msibani," akasema.

Nikakumbuka kwa Mwakalobo, mwezi wa nne:
wanawake arobaini nyuma ya nyumba, hakuna aliyepanga.
Maji yalipofika, na ndizi zilipofika,
Tupokigwe akainjika. Si kabla. Hakuitwa.
Jiko la tatu lilipoishiwa kuni
majiko mengine hayakujua hata kama kuna shida.
Mbalaga ikaiva kwa watu mia tatu,
na saa ya ukutani ilikuwa imesimama
tangu marehemu akiwa mzima.

Basi nikachora upya.
Nikakipa kila kipande cha data kadi yake, kama kapu la chai:
cha nani, cha mzunguko wa ngapi.
Bila kadi, jani la Jumatatu litaozwa kwa jani la Jumatano
na hesabu itatoka uji.

Wiki mbili nilikwama.
Duara la kumi na moja lilingoja la thelathini,
la thelathini lilingoja la kumi na moja,
kama mkwe na mkamwana waliokutana kwenye ujia mwembamba,
kila mmoja kageukia migomba, anasubiri mwenzake apite.
Heshima tupu. Na mashine nzima imepoa.

Kichekesho chenyewe ni hiki:
kompyuta hii moja, yenye karani yuleyule mmoja,
ndiyo inayoigiza wote sitini na wanne.
Inajifunga khanga inakuwa Tupokigwe,
inaivua inakuwa maji, inakuwa moto,
inakimbia kuwa mwenye njaa.
Sekunde moja ya mashine yangu
ni dakika arobaini za feni inayokoroma.

Saa nane. Jibu limetoka.
Jedwali mara jedwali, mizunguko mia nne na sita,
nimehakiki kwa mkono safu mbili, ni sahihi.
Lakini ghalani, pale data zinapongojea wenzao,
kimebaki kipande kimoja.
Kina kadi. Kina thamani, saba. Hakina mwenzake.
Ni kosa langu: mshale niliufuta, mwanzo wake nikausahau.
Mstari mmoja tu wa programu utakiondoa.

Nikaenda jikoni kunywa maji, tochi mdomoni.
Juu ya kabati, sahani imefunikwa kwa sahani.
Ya Lwitiko, aliyekwenda Chunya kwenye dhahabu,
mwaka wa tatu huu.
Mama hupakua kila usiku.
Asubuhi wanakula kuku, hakuna anayelizungumza.

Nimerudi mezani. Mvua imekuwa ya kudondoka tu.
Ule mstari nimeuandika, sijauendesha.
Saba bado iko pale, na kadi yake,
na kazi yote imekwisha bila yenyewe.
Nyuma ya kilo kumi na nne nimeandika: kesho,
kwa penseli.