Mpishi wa Uani

Harusi zote nazisikiliza kwa mgongo,
uso wangu uko motoni.

Taarabu ya kale haina haraka:
fidla zaamkiana, kanuni yaitikia,
nishaosha mchele maji matatu
mwimbaji bado hajakohoa.
Ndani udi wapigwa, udi wafuka,
sijui upi umenifikia kwanza.

Kidumbaki ni nduguye asiye na viatu.
Sanduku la chai, kamba moja, kijiti;
Machano akiivuta, mwiko wacheza wenyewe,
na wale walioketi kwa haya ukumbini
wako huku kwangu, wanakata viuno
baina ya masufuria.

Siku ya beni hapikwi kitu.
Tarumbeta lenye kibonyeo lapita Kwahani,
wasaidizi wangu wote wamelifuata,
nimebaki na vitunguu na machozi yake.

Juzi mjukuu wa Machano kaja na kompyuta.
Singeli, ilovuka maji kutoka bara.
Kabla sijageuza mwiko wimbo ushakwisha,
kitunguu mkaa.
Nikamtukana kwa maneno ya unyagoni.

Hakukasirika. Alikuja kuomba ukoko,
nami nagonga upawa ukingoni mwa sufuria:
ko, ko-ko, ko.
"Rudia, bibi," akaninyooshea simu.

Wiki ya pili, Chwaka, nimeupa moto uso,
spika ikalia nyuma yangu:
ko, ko-ko, ko.
Bibi harusi akainuka. Watu wakatunza.
Mimi hata shilingi sikuiona.

Nilitia chumvi mara mbili.
Sikumbuki kama ilikuwa hasira.