Ndani ya Mfuniko wa Saa

Dada yangu, Fung Lai-kuen,
alianzia ghubani, kati ya meli za makaa,
mimi gatini na saa ya baba, nikihesabu.
Bibi alikaa kigodani. Miguu yake,
iliyokazwa vitambaa tangu utotoni, haijazi kiganja.
"Anampiga nani mateke huyu?" akauliza.
Kisha, chinichini, akaanza kuhesabu nami.

Shanghai, mita mia:
dakika moja, sekunde ishirini na tisa.
Magazeti yakapima mapaja.
Yakaandika rangi ya vazi, kofia, tabasamu;
muda wenyewe sikuuona popote,
nikauandika kwa msumari ndani ya mfuniko wa saa.

Vita vilipokuja tuliuza meza,
tukauza vikombe vya fedha, hata kile chenye mpini wa joka.
Saa nilikataa.

Jana, Macau, bwawa la manispaa,
kijana mwenye filimbi akamwonya:
"Bibi, huko kuna kina."
Lai-kuen akanitazama. Nikafungua mfuniko.
Mikwaruzo imefifia; namba tunaijua.
Akavuta kofia masikioni,
akashukia hukohuko kwenye kina,
nami, mvi zote hizi, nikaanza:
moja, mbili