Faini

Alisimama mlangoni pangu, Langoni, mgeni wa miwani,
akaiokota kofia ya vito niliyoimaliza alfajiri,
akaiinua kwenye mwanga, akachungulia tundu moja moja,
akasema: faini. Veri faini.

Magoti yakanilegea.
Mwaka jana tu karani wa kaunti alinikatia faini,
punda wangu kalala katikati ya Usita wa Mui
siku ya kuja wakubwa; risiti ingali chini ya mto.
Nikauliza: kwani nimekosa nini?

Shekuwe wa jirani, darasa la saba,
akacheka hata akashika ukuta.
Mama Barke, anakusifu!
Akanihesabia kwa vidole:
uzi mwembamba, huo faini,
mchanga uliochekechwa, faini,
kukicha bila mvua, faini,
na aliyepona homa akiulizwa hali
hujibu yu faini.
Na ile ya karani?
Akakuna kichwa. Na hiyo pia. Neno ni lilo hilo.

Nikalihurumia: kanzu moja,
harusini hiyo, matangani hiyo, sokoni hiyo.
Sisi kizuri twakiita kizuri,
kikizidi twasema mashaallah
na twanyamaza, tukichelea jicho.

Mgeni alisifu mara nne,
kisha akataka nimpunguzie nusu.
Miezi miwili na nusu, sindano tatu zilizovunjika,
jicho la kushoto likitoka maji!
Hapo nikajua yeye na karani
wamenyonya ziwa moja.
Nikaitwaa kofia yangu, nikairudisha kwenye faruma.

Usiku Barke akapiga simu, toka Riyadi,
sauti ya mtu aliyeinamia ndoo.
U hali gani, mwanangu?
Zamani angejibu njema,
nami ningeijua njema isiyo njema,
maana hiyo hukwaruza koo ikitoka.
Akasema: niko faini, mama.
Laini. Hapana pa kushika.
Simu ikakatika.

Nimekaa na sindano, sishoni.
Nalipindua neno lile huku na huku,
natafuta tundu nichungulie.
Faini ipi, Barke?
Nani aliyekutoza, kwa kosa gani,
na ni kiasi gani,
nije nikulipie?