Nyimbo Sitini na Moja

Alikiweka juu ya kioo cha meza yangu,
kidude cha bluu, hakizidi kiberiti,
betri imeshikiliwa kwa plasta ya kidonda.
"Zihamishe," akasema Bi Namgung,
na theluji ya Daejeon ikamdondoka mabegani
juu ya risiti zangu.

Nikakichomeka. Majina yakajipanga kwenye kompyuta,
sitini na moja, kila moja na kikufuli cha kijivu.
Kompyuta ikapiga hodi kwenye duka lililouza.
Duka lilifungwa miaka kumi na mitatu iliyopita.
Ikapiga tena. Mashine haina haya.

Mumewe aliendesha lori la saruji, zamu ya usiku,
kila mshahara akinunua wimbo, won mia tano.
Mali bila daftari, tunaambiwa, hupotea bila habari.
Daftari analo, limo ndani ya bahasha ya benki.
Kilichopotea ni duka.
"Nywila?"
"Aliondoka nayo."

Nikamweleza nilivyoweza:
kila faili imeapishwa kwa kifaa kimoja,
ukiitoa humo inakuwa bubu.
Akanitazama kama wateja wote wanavyonitazama,
ama mwizi, ama mjinga.
"Mbona kinaimba?" Akanichomeka kisikizi kimoja.
Kweli, kilikuwa kinaimba.

Waliotia kufuli walilisahau sikio.
Nikatoa waya mfupi, ncha mbili sawa,
tundu hadi tundu, nikabonyeza kinasa sauti.
Hapa hakuna njia ya mkato:
wimbo wa dakika nne huchukua dakika nne.

Akakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
Wimbo wa kumi na tisa alicheka peke yake; sikuuliza.
Wa arobaini, betri ikazimika, tukaurudia.
Niliuza chaja mbili. Tuligawana hindi la kuchemsha.

"Ndizo zilezile?"
Sikumdanganya. Zimepungua, nikasema,
kama shuka lililofuliwa sana;
kule juu matoazi yanakolia, pana ukungu.
"Hata masikio yangu," akajibu.

Faili mpya zilitoka uchi, hazina kufuli wala jina.
Kompyuta ikauliza: msanii?
Nikaanza kumtafutia waimbaji wenyewe.
Akaivuta kibodi, akavaa miwani,
akaandika kwa kidole kimoja: Pyo Il-du.
Akashuka mstari.
Pyo Il-du.
Akashuka mstari.